Mjamzito, toka zizini! (jibu kwa dada wa mbuzi)

Achana na huyo mbuzi. Achana naye kwanza, kisha urudi kusoma.

Unasema una mimba ya miezi 5, paka analala kitandani, mbwa ana kupe, na mbuzi wako anaelekea kutupa mimba, "nimsaidieje?" Humsaidii. Mimi nilisaidia.

Mimba yangu ilikuwa na umri huohuo. Mbuzi alikwama usiku, nikaingiza mkono mtupu, vidole vimepasukapasuka kwa sabuni ya kufulia. Kitoto kikatoka kimekufa, kinateleza kama samaki. Zalio likagoma, nikalivuta, nikajifutia kwenye gauni, nikaenda kuchemsha chai. Najua, msinicheke, nimeshajicheka vya kutosha.

Aliyeniponza ni bwana mmoja anayejiita daktari wa mifugo, kumbe udaktari wake ni mabuti tu. "Hiyo ni baridi imempiga, nawa mikono, basi." Baridi! Mbuzi akitupa mimba, kitu cha kwanza kushuku ni maambukizi: brusela, homa ya Q na wenzake, magonjwa ya mifugo yanayompata hata mtu. Vijidudu hujaa kwenye zalio na yale maji. Vya homa ya Q si lazima hata uviguse, unavivuta na vumbi. Na yeye alikuwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni!

Wiki ya tatu nikaanza homa. Jioni inapanda, asubuhi inashuka, shuka unaweza kulikamua, kiuno kinawaka. Nikasema ni mimba. Zahanati nikaenda mara mbili, nikapewa dawa za mafua. Hawakuuliza habari za wanyama nami sikusema. Hapo ndipo nilipojimaliza. Safari ya tatu binti mmoja wa maabara akauliza, "Mama, unafuga?" Damu ikapimwa: brusela. Doksisaiklini, dawa yake ya kawaida, wajawazito hukwepeshwa, nikawekwa kwenye rifampisini na nyingine, wiki 6. Mkojo ukawa rangi ya chungwa, mume wangu akadhani nakojoa sharubati. Dawa sijazimaliza, uchungu ukaja, wiki ya 33. Mwanangu leo anavunja vikombe, lakini zile siku za kumtazama kupitia kioo cha mashine ya joto sizisimulii hapa.

Kwa hiyo: mnyama anazaa au ametupa mimba, mjamzito haingii zizini. Usinijie na habari za glavu. Aingie mwingine, nguo na mabuti avivue hukohuko, zalio na kitoto vifukiwe chini sana, mbwa asionje. Maziwa yachemke. Na ukipata homa hata ndogo, neno la kwanza kwa daktari liwe "mbuzi".

Paka? Kinyesi aondoe mtu mwingine, kila siku, maana vimelea vya toksoplasma, vinavyotoka na kinyesi hicho na vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni, huchukua siku 1 hadi 5 ndipo viweze kuambukiza. Ya mbwa nimesahau uliuliza nini.

Saa hizi nani yuko na huyo mbuzi? Usiniambie ni wewe.