Mende kwanza, kinyonga baadaye: kwa wadogo wanaoanza

Wadogo zangu wa Bukavu, wiki hii nimeletewa tena sanduku la mende waliokufa, na nimeulizwa swali lile lile: "Mkubwa, huu ni ugonjwa gani?" Si ugonjwa. Kila promosheni (wanafunzi wa mwaka mmoja) ya biolojia ina watu wawili watatu wanaopata kibali cha kutunza kinyonga kwa ajili ya memuari, ile kazi ya utafiti ya kumaliza masomo. Mnyama anajengewa tundu zuri, matawi na majani ya kila aina, halafu mende wa kumlisha wanatupwa kwenye katoni chini ya kitanda. Geuzeni utaratibu huo. Kundi la mende lisimame kwanza, ndipo mnyama aje, kwa sababu njaa ya kinyonga haingoji mende wako wazaane.

1. Joto. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na usiku wa hapa mnaujua. Mende wa kijivu tunaowafuga, Nauphoeta cinerea, hafi kwa baridi hii, ila anaacha kuzaa. Mpe digrii 28 hadi 32. Hapo jike hubeba kifuko cha mayai tumboni kwa mwezi mmoja na siku kadhaa, kisha anazaa watoto hai, mara nyingi karibu 30. Kwenye chumba cha digrii 19 utakaa miezi ukihesabu mende wale wale na kusema umeuziwa madume matupu. Ampule (balbu) inatosha kuran (umeme) ikiwepo. Isipokuwepo, jaza bidoni (dumu) maji ya moto, ifunge kwa blanketi kuukuu, iweke ndani ya kasha la mbao pamoja na sanduku la mende, na ujaze maranda pembeni. Joto linashika usiku kucha. Mbabula, lile jiko la makala (makaa), usiingize kwenye chumba kilichofungwa, hata kwa muda mfupi. Hewa ya sumu ya makala haina rangi wala harufu, na inaua watu waliolala. Nasema hivi kila mwaka na bado kuna anayejaribu.

Na joto hilo ni la mende tu. Kinyonga wa milimani, kama Trioceros johnstoni, anataka usiku wenye ubaridi. Msiwaweke chumba kimoja mkadhani mmerahisisha kazi.

2. Kuta. Mende huyu anapanda plastiki na hata kioo. Paka mkanda wa vazelini wenye upana wa vidole vinne chini ya ukingo, uupake upya ukishika vumbi. Plato (trei) za mayai zisimame wima ili vinyesi vidondoke chini. Mende mweupe si mgonjwa, amejivua ngozi sasa hivi, acheni kumtupa.

3. Kifuniko. Hapa nakaa, kwa maana ndipo lilipokufia sanduku la wiki hii na mengine mengi kabla yake.

Kulikuwa na mdogo wetu mmoja, msichana mwenye bidii kuliko wote wa promosheni yake. Alisoma, aliuliza, aliandika kila kitu kwenye daftari. Alikata dirisha kubwa kwenye kifuniko ili hewa ipite, na akaliziba kwa kipande cha chandarua kilichochanika nyumbani kwao, kile cha kugawiwa bure kwenye kampeni ya malaria. Alikishona vizuri sana. Kazi ile ilikuwa safi hata nikaisifu kwa mbali, bila kuigusa.

Mende wa kijivu wanatoka usiku, wanapanda, wananing'inia chini ya kifuniko. Asubuhi akakuta madume machache yamelala chali yakipiga miguu. Akasema ni kiu, akaongeza karoti. Kesho yake wakawa wengi, akasema ni baridi, akaongeza bidoni. Mende wakachangamka kwa joto, wakapanda zaidi. Mchana alikuwa akiokota wale waliolegea, wanaotetemeka, na kwa kuwa mende dhaifu ni rahisi kumshika kwa koleo, hao ndio aliompa kinyonga.

Siku mbili baadaye kinyonga akaanza kutetemeka naye. Ulimi hautoki, mguu haushiki tawi. Tulimwosha, tukamdondoshea maji mdomoni, tukamweka kivulini. Alikufa mchana. Yule binti alikaa na tundu la kinyonga mapajani akisema, "Lakini chandarua nilikifua, Mkubwa, nilikifua kabisa." Na ni kweli alikifua. Ila chandarua cha aina hiyo kimetengenezwa ili dawa yake ibaki. Kipimo cha shirika la afya duniani, OMS, ni kwamba kiendelee kuua mbu hata baada ya kufuliwa mara 20. Dawa iliyomo ni ya jamii ya pairethroidi, inashika mishipa ya fahamu ya mdudu. Mende ni mdudu. Haijali kwamba huyu ni wa kwako na unampenda. Reptilia kama kinyonga naye haivumilii vizuri, na anayekula mende watano wenye dawa amekula dawa ya mende wote watano.

Sikumgombeza. Ningemgombezaje mtu aliyefanya kazi kwa moyo namna ile? Aliianza memuari upya, akaimaliza, na leo yeye ndiye anayewapigia kelele wenzake kuhusu vifuniko. Lakini ninyi mliokuja baada yake mmesimuliwa, na bado mnaniletea masanduku yenye chandarua. Hilo linaniuma.

Tumieni wavu wa chuma wa madirishani, mpya. Mkikosa, kitambaa cha pamba kisicho na dawa. Mkiwa na shaka, kateni kipande kidogo, kitieni kwenye chupa pamoja na madume machache, mngoje hadi asubuhi. Udi wa mbu na dawa ya kupuliza pia mara nyingi ni za jamii hiyo hiyo. Jirani akipuliza, funika na toa sanduku nje.

4. Chakula. Pumba ya mahindi, maganda ya ndizi, karoti kwa ajili ya maji. Bakuli la maji wazi linazamisha watoto. Majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi: sombe (kisamvu) bakini nayo jikoni. Sambaza (dagaa wa ziwa letu) mkavu aliyesagwa ni mzuri lakini kidogo tu, maana protini ikizidi mende anaweka akiba ya asidi ya uriki mwilini, na akiba hiyo inahamia kwa mnyama wako, kwenye figo na viungo vyake.

5. Kalsiamu. Mende ana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu. Kausha maganda ya mayai, saga yawe unga laini kabisa, mpake mende kabla ya kumtoa. Na umpeleke kinyonga juani asubuhi, nje kweli, penye kivuli cha kukimbilia. Jua la nyuma ya dirisha halimsaidii, kioo kinazuia ile miale inayomtengenezea vitamini D. Taya likishalainika na miguu ikapinda, umechelewa.

6. Siafu. Miguu ya meza ndani ya makopo yenye maji na sabuni. Usiku mmoja tu wa siafu unatosha kumaliza kundi lote.

7. Subira. Usitoe mende hata mmoja hadi uone wadogo, wa kati na wakubwa kwa pamoja ndani ya sanduku. Kwa baridi yetu hesabu miezi mitano au zaidi. Kisha toa madume na wa kati. Majike, wale wenye tumbo pana, waache. Safisha nje ya nyumba, umefunga pua na mdomo: vumbi la vinyesi vya mende linaleta pumu, na mnalala humo humo mnamofugia.

Mende wa chooni msiguse kabisa. Wanabeba salmonela na mayai ya minyoo, na hujui nani aliwapulizia dawa jana. Anayetaka mbegu aje kwangu, bure, madume kidogo na majike mengi. Aje na sanduku lililokwisha kushika joto siku mbili, na kifuniko chake mkononi, maana nitakishika mwenyewe kabla sijamimina mende.