Maswali na majibu: kelele na mwangwi darasani

Fundi, kuta kati ya madarasa yetu zimeishia usawa wa linta, juu ni wazi hadi kwenye kenchi. Mimi nafundisha sehemu, upande wa pili wanakariri jedwali la saba. Tuongeze unene wa ukuta? (Mwalimu wa hisabati, Morogoro)

Msiongeze hata tofali moja la unene. Sauti inapanda, inagonga bati, inamshukia jirani. Pandisheni ukuta huohuo mpaka uguse bati, kisha zibeni kwa lipu matundu yanayobaki kwenye mawimbi ya bati. Mafundi wengi huyaacha, na mwanya wa vidole viwili unatosha kuharibu kazi. Hewa iingie kwa madirisha ya kuta za nje.

Darasa jipya lina vigae, lipu laini na dari ya jipsamu. Limependeza, ila wa nyuma hawanielewi, na nikipaza sauti ndiyo inazidi kuvurugika. (Mwalimu, Mombasa)

Ukipaza sauti, mwangwi nao unapanda. Kila ulichokisifu hapo ni kigumu, kinairudisha sauti, na silabi ya pili inaikuta ya kwanza bado inazunguka chumbani.

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilimkabidhi mwalimu wa fizikia, Wallace Sabine, ukumbi wa mihadhara usiosikika. Alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaipanga na kupima sauti inachukua muda gani kufa. Kanuni yake tunaitumia hadi leo: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, gawanya kwa eneo linalonyonya sauti, unapata sekunde.

Chumba cha mita 7 kwa 9, kimo 3, kina mita za ujazo 189. Kiwango kinachopendekezwa darasani ni sekunde 0.6, kwa hiyo unahitaji takriban mita 51 za mraba za kunyonya. Wanafunzi 45 watakupa kama 18, maana miili na sare zao zinanyonya. Zinazobaki zitoke juu. Huko Pwani usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, haujakosekana: mikeka yake ya unene wa sentimita 5, ikiachiwa nafasi ya hewa nyuma, mbali na nyaya za umeme, ifunike nusu ya dari na sehemu ya juu ya ukuta wa nyuma. Wakati wa kujenga, pesa ianzie darini. Rangi ya ukuta isubiri.

Trei za mayai je? (Mzazi, Kisumu)

Zinapunguza kidogo sauti kali nyembamba tu, na zinashika moto upesi. Sponji ya godoro ni mbaya zaidi, moshi wake ni sumu.

Bwalo letu linabeba madarasa mawili kwa pamoja. Pazia litasaidia? (Mwalimu Mkuu, Iringa)

Pazia linawazuia kuonana, sauti inapita. Wekeni kila darasa pembe yake, katikati pabaki patupu, na watoto wamzunguke mwalimu nusu duara. Ukisogea kutoka mita 2 hadi 1, sauti yako inaongezeka kwa desibeli 6 bila kupaza. Na ratiba, Mwalimu Mkuu: wakiimba hawa, wale wasipewe imla.

Mwanangu anavaa kifaa cha kusikia lakini bado analalamika. (Mama, Dodoma)

Kifaa hukuza na kelele pia, mama. Akae mbele, mbali na mlango na feni. Mwalimu aache kuongea huku ameelekea ubaoni.