Kabla hujampandisha mtoto kwenye keria Jumatatu, soma hapa

Mkuu, hiyo safari ya Jumatatu ahirisha. Mpeleke binti kwa miguu, mbebe mgongoni, mchelewe, mwalimu agombe, yote sawa. Ila kwenye hiyo baiskeli, kwa namna ulivyoieleza, usimpandishe.

Nimesoma swali lako mara mbili. Umehamia kijijini na familia, umepata baiskeli ya mtumba, unauliza ringi ya 26 au 28, gia au bila gia, mama watoto naye ataiendeshaje, taa za usiku, na namna ya kumbeba mtoto wa miaka 4 kilomita 5 za vumbi mpaka shule. Maswali mazuri kabisa. Halafu katikati, kama mtu anayepita tu, ukaandika kwamba aliyekuuzia kakushauri uweke mto kwenye keria, umfunge mtoto kiunoni kwako kwa kitambaa, na ule wavu wa pembeni ya gurudumu la nyuma uung'oe maana unapiga kelele. Nilipofika hapo niliweka simu chini, nikazunguka nyumba, nikarudi.

Maneno hayo na mimi niliambiwa. Karibu yale yale! Nadhani kuna mahali wanafundishwa.

Baiskeli yangu ya kwanza ya familia nayo ilikuwa mtumba, ringi 28, ya chuma, nzito kama deni. Ilikuja na wavu wa bati pande zote mbili za gurudumu la nyuma, kuanzia chini ya keria mpaka karibu na ekseli. Wavu wa kushoto ulikuwa umepinda kidogo, ukawa unagusa spoki, tik tik tik njia nzima. Nikaipeleka kwa fundi anyooshe. Fundi akautazama, akacheka. "Huu ni urembo wa kina mama wasichafue sketi. Wewe mwanaume wa nini?" Akafungua skrubu nne, akautupa kwenye rundo lake, akafungua na wa upande wa pili "ili zilingane". Nikamlipa. Naomba mlielewe hilo wadau, nilimlipa mtu anivulie kinga ya mwanangu, nikaondoka napiga mluzi kwa sababu baiskeli imekuwa kimya.

Ni kweli ule wavu ulibuniwa kuzuia nguo zisinaswe. Sasa kitu kinachozuia upindo wa sketi usiingie kwenye spoki kitashindwaje kuzuia kisigino? Kunyoosha lile bati ilikuwa kazi ya koleo na dakika 10. Alikuwa mvivu, basi. Akauvisha uvivu wake joho la ushauri, na mimi kwa kuogopa kuonekana nauliza maswali ya kike nikanyamaza. Mpaka leo nikipita pale nageuza uso, si kwa hasira tena, kwa aibu yangu mwenyewe.

Mama watoto akashona mto wa sponji, kazi safi, na foronya yake. Binti alikuwa na miaka 4 na miezi kadhaa, umri wa huyo wako. Nikamfunga kiunoni kwangu kwa kitambaa, nikampa maelekezo: nishike kiuno, panua miguu, usiiegemeze ndani. Kila asubuhi anaitikia "ndiyo baba". Wiki 3 hatukupata hata mkwaruzo. Hizo wiki 3 ndizo zilizoniponza, kwa sababu zilinifanya nijione mjuzi.

Siku yenyewe tulikuwa tunarudi mchana. Jua kali, mtoto kachoka, na mimi nyuma yangu nasikia kichwa kinaniangukia mgongoni. Nikafurahi eti amelala, hatanisumbua. Mkuu, mtoto akisinzia kwenye keria, kabla mikono haijalegea miguu imeshalegea. Inaning'inia, vidole vinageuka nje, visigino vinaingia ndani. Yale maelekezo ya kupanua miguu yamelala naye.

Baiskeli ikawa nzito ghafla, kama imeingia kwenye mchanga. Nikadhani cheni imejibana, ile baiskeli ilikuwa na tabia hiyo.

Nikakanyaga pedali kwa nguvu zaidi.

Kosa la wavu naweza kumgawia fundi nusu. Hili la kukanyaga ni langu peke yangu, na ndilo linaloniamsha usiku. Ukisikia gurudumu la nyuma limekuwa zito na una mtoto nyuma, usikanyage, usivute, simama ulipo hata kama ni katikati ya njia. Mimi nilisukuma robo mzunguko hivi ndipo nikasikia sauti ambayo sitaieleza hapa.

Mguu ulikuwa umeingia kati ya spoki na bomba la fremu linaloshuka kutoka kwenye siti kwenda kwenye ekseli. Nikajaribu kuuvuta, akapiga kelele, nikaacha. Nikataka kurudisha gurudumu nyuma, spoki nyingine ikawa inachimba. Na kile kitambaa kimetufunga pamoja, siwezi kushuka bila kumvuta! Hebu piga picha: mtu mzima yuko mguu mmoja chini mmoja hewani, amefungwa na mtoto anayelia, anatafuta fundo alilolikaza mwenyewe kwa ustadi mkubwa. Wanaosema kitambaa ni usalama wanazungumzia kutoanguka tu. Hawakwambii kwamba baiskeli ikianguka mnaanguka kama furushi moja, na likitokea la kutokea huna mikono wala mgongo wa kumsaidia.

Jirani mmoja akatokea shambani, akaishikilia baiskeli isiegemee, akamtuma kijana wake mbio nyumbani alete koleo. Akakata spoki 5. Mguu ukatoka wenyewe, taratibu, bila kuvutwa. Akili hiyo sikuwa nayo, na koleo pia sikuwa nalo, maana vifaa vyote nilikuwa nimeviacha nyumbani ili kupunguza uzito. Uzito!

Sasa sehemu ya pili ya ujinga. Zahanati wakasafisha, tukatumwa kupiga eksirei, mfupa mzima. Kisigino kimechubuka, kimevimba, kidonda si kikubwa. Nikashusha pumzi, nikamwambia mama yake "ni mchubuko tu", nikamwacha mtoto acheze uani na bandeji yake. Siku ya 5 ngozi ya nyuma ya kisigino ikawa nyeusi. Ngozi iliyosagwa kati ya chuma na chuma siku ya kwanza inaweza kuonekana hai, halafu inakufa baadaye, polepole, kwa sababu damu haiifikii. Eksirei inaonyesha mfupa, ngozi haihusiki nayo. Hospitali ya pili walieleza hivyo kwa upole ulioniuma kuliko tusi. Mguu ulipaswa kuinuliwa juu, mtoto asiukanyage, kidonda kitazamwe kila mara. Ikabidi waondoe ngozi iliyokufa, wapandikize nyingine waliyoichukua pajani. Wiki 9 bila shule. Baiskeli niliiuza kulipa sehemu ya gharama, na nyingine nilikopa.

Mama watoto hakunigombeza hata siku moja, na afadhali angenigombeza. Alichofanya ni kufumua ule mto wa keria, akatoa sponji, akaifunika upya, akaipeleka wodini iwekwe chini ya mguu wa mtoto.

(Binti sasa ana miaka 11, anakimbia vizuri, kovu analiita "tairi". Baiskeli yangu ya sasa haipandi kabla hajainama kukagua. Mkaguzi huyo huwezi kumpa rushwa.)

Basi kanuni yangu ni moja, na wadau humu wamechoka kuisikia: mguu wa mtoto usiwe na njia ya kufika kwenye spoki. Hata akitaka. Hata akilala. Sijasema "mwambie apanue miguu". Kumwambia mtoto wa miaka 4 alinde kisigino chake kilomita 5 ni kumwajiri kazi ambayo wewe mwenye ndevu ungesinzia ukiifanya.

Hesabu kidogo. Gurudumu la inchi 28 lina mzunguko wa mita 2 na ushee. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu asiye na haraka, linazunguka karibu mara 2 kila sekunde. Likiwa na spoki 36, hizo ni spoki karibu 70 zinazopita mbele ya kisigino ndani ya sekunde 1. Hakuna "nitawahi kusimama" hapo.

Namna ya kupima: simamisha baiskeli, chukua kiatu cha mtoto, kichomeke kwenye ncha ya fimbo, umwombe mtu ashike gurudumu lisizunguke. Jaribu kukipenyeza kwenye spoki kutoka kila upande ambao mguu unaweza kufika: sehemu ya juu iliyo chini ya keria, kati ya mabomba ya fremu, na nyuma ya ekseli. Jaribu kwa ukorofi, kama mtoto anayepiga teke. Kikiingia, hata ncha tu, hakuna safari. Ule wavu wako usiung'oe, unyooshe. Kama umepotea, kata plastiki ngumu ya dumu kuukuu au bati jembamba lililokunjwa kingo, funika pande zote mbili, funga kwa waya kwenye fremu na keria, ncha za waya zitazame nje mbali na mtoto. Zungusha gurudumu usikilize. Kinga ikipiga kelele, inyooshe tena, usiivue. Kelele ni bei ndogo.

Kisha mpe miguu mahali pa kukaa: vikanyagio viwili vinavyofungwa kwenye ekseli ya nyuma au kwenye fremu, kwa urefu unaomfikia yeye, si unaokufikia wewe. Ukiweza pata kiti cha mtoto chenye kinga za miguu na mikanda ya kwenye nyayo. Hapo nunua hata kama itabidi usubiri miezi. Vingi vya nyuma vimetengenezwa kwa mtoto asiyezidi kilo 22, kwa hiyo mpime kwanza, na mkoba wake wa shule ubebe wewe. Keria nayo iangalie imeandikwa kilo ngapi, nyingi za siku hizi ni 25. Viatu vya kufunika kisigino, ndala hapana, kamba zimechomekwa ndani, kofia ngumu kichwani. Na usimwache amekaa juu wakati baiskeli iko kwenye stendi, hata kama unafunga lango tu, inaanguka.

Najua watakuja wale wa "sisi tulibebwa hivyo hivyo na tumekua". Hongereni. Na mimi nilibebwa hivyo, ndiyo maana nilimwamini fundi. Nendeni wodini mkawaulize waliolazwa kama nao walikuwa na bahati yenu.

Ringi: chukua ambayo mama watoto akisimama juu yake nyayo zote mbili zinagusa chini. Kama kwa ringi 28 anasimama kwa ncha za vidole, chukua 26, mjadala umeisha, maana siku moja ndiye atakayekuwa na mtoto nyuma, na baiskeli yenye mtoto nyuma humwinamia mwendeshaji pale anaposimama. Breki: kama rimu ni za chuma na zimelowa, mpira wa breki unachelewa sana kushika, kwa hiyo siku ya mvua mteremkoni shuka mkokote. Gia nilitaka kuandika kitu, kuna sababu ya kutotaka gia nyingi kwenye vumbi, lakini ngoja, hilo la gia haliumizi mtu, liache.

Muuzaji wako akikuuliza kwa nini hutaki kuung'oa wavu, mwambie sauti yake inakusaidia usisinzie. Akicheka, mwache acheke.

Leo kabla giza halijaingia piga picha gurudumu la nyuma, upande wa cheni na upande wa pili, uiweke hapa. Baiskeli nzima siitaki, rangi yake haitusaidii. Nataka kuona nafasi iliyopo kati ya keria na ekseli, na kiatu cha binti kikiwa kimewekwa pembeni ili nione ukubwa wake.