Nimerudi kutoka misheni Turkana, mbona nyumbani hawanifuati?

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni baba wa watoto wawili, tunaishi kwenye ploti huku Free Area, Nakuru. Mwezi wa nne nilienda misheni Turkana na kanisa letu, siku 12, katika kijiji kilicho mbele ya Lokichar. Sijawahi kuonja ushirika kama ule. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tumeamka tunaomba. Tulikula sinia moja. Jioni tuliketi duara, kila mtu akaeleza siku yake na makosa yake. Pesa zetu zote zilikaa kwenye kopo moja la maziwa ya unga, na hakuna aliyeuliza nani katoa ngapi.

Niliporudi nikataka nyumba yangu iwe vile. Nimebandika ratiba ukutani, na alfajiri naamsha familia kwa kayamba. Mke wangu alifuata wiki moja tu, siku hizi anajifunika blanketi. Jioni nikimwambia aungame mbele ya watoto, ananyamaza. Alhamisi nimefungua ushirika wa nyumbani, wakaja watu wawili. Mke wangu husema amechoka, lakini Jumamosi ana nguvu za kwenda chama. Jirani naye amenishtaki kwa msimamizi wa ploti. Juzi mke wangu akaniambia, "Wewe ulienda misheni, mimi nikabaki na watoto na deni la karo." Ni kweli karo ilichelewa kwa sababu ya mchango wa safari. Je, anampinga Mungu? Nifanye nini moto huu usizimike? Na kuna safari nyingine Agosti, nijiandikishe?

JIBU: Asifiwe sana, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili nikimtafuta mtu mmoja, sikumwona. Aliyepika ni nani?

Ile barabara ya kutoka Kitale kupitia Kapenguria na Marich naifahamu, na misheni za huko nimeenda zaidi ya mara moja. Najua maji yanatoka wapi. Nyinyi mkiwa mnaomba saa kumi na moja, kuna mama alikuwa ameamka saa tisa, ameshika jerikeni ya lita 20, amekwenda kuchimba mchangani kwenye mto mkavu, akajaza kikombe kwa kikombe, akarudi kuwasha moto. Sinia mliyoizunguka ilitoka mikononi mwake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe ulikaa siku 12 na jembe hukupewa. Silaumu wenyeji wako, ndio ukarimu wao. Lakini raha ile ya kuamka ukaomba bila kuwaza chai, ukala bila kuwaza sufuria, ukaketi duara bila mtoto kulia, ilikuwa raha ya mgeni. Kuna mtu aliibeba gharama yake.

Sasa umeileta ratiba ya mgeni kwenye nyumba ambayo wewe ndiye mwenyeji, na unashangaa mbona haishiki. Huko Turkana nyumba iliendeshwa na mama wa kijiji. Hapa Free Area inaendeshwa na mke wako, na sasa umemwongezea kayamba.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu waziwazi: hapana, hampingi Mungu. Amechoka. Kuna tofauti kubwa, na mchungaji asiyeiona ataharibu nyumba za watu wengi. Kuhusu jirani, soma Mithali 27:14. Suleimani anasema mtu anayembariki rafiki yake kwa sauti kuu alfajiri na mapema, baraka hiyo itahesabiwa laana. Nadhani naye aliwahi kukaa karibu na mtu aliyetoka misheni.

Usinielewe vibaya. Sisemi ulichokiona ni cha kutupa. Matendo 2 inasema walioamini walidumu katika fundisho la mitume, katika ushirika, katika kuumega mkate na katika kusali, na walikuwa na vitu vyote shirika. Uliyoyaonja ni hayo hayo. Ila tazama walimega mkate wapi: nyumba kwa nyumba. Hizo zilikuwa nyumba za watu wenye watoto, wenye kazi na wenye majirani. Petro mwenyewe alikuwa na mke, tena na mama mkwe.

Huku kwetu tulishawahi kupata moto wa namna hiyo, na unastahili kukumbukwa vizuri, mazuri yake na machungu yake. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, uliingia Kenya mwaka 1937, na muda si mrefu ukafika kwetu Maseno. Nyanya yangu aliokoka katika uamsho huo. Kila wiki walikutana nyumbani kwa mmoja wao, wakaungama, wakaimba, wakaliita jambo hilo kutembea nuruni. Ushuhuda wake niliusikia hadi nikauweka kichwani: alikuwa amekopa debe la mtama kwa mke mwenzake, kisha akakana. Alipookoka, kabla hajasimama mbele ya ushirika kusema neno lolote, alijitwika debe la mtama, akavuka boma, akalitua mlangoni kwa mwenzake. Ndipo akaenda kushuhudia. Alisema shingo ilimuuma siku mbili.

Hayo ndiyo mazuri yake. Uchungu ni kwamba baada ya miaka, katika kanisa la Anglikana upande wa Wajaluo, watu waligawanyika. Wana uamsho waliitwa Joremo, watu wa damu, yaani damu ya Yesu. Wengine waliona kwamba hao wanawadharau wenzao kana kwamba hawajaokoka, nao wakajiita Johera, watu wa upendo. Mwaka 1957 Johera wakatoka, wakaanzisha Church of Christ in Africa. Sababu zilikuwa nyingi, siwezi kuzimaliza hapa. Lakini mzee mmoja aliyeyaona aliniambia kwamba wengi hawakukimbia toba. Walikimbia kuangaliwa kwa jicho la juu. Jicho hilo naliona katika barua yako, hasa pale unapomhesabia mke wako Alhamisi na Jumamosi.

Tukija kwenye duara la jioni. Yakobo 5:16 inasema, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi." Umelisoma kama amri ya kumwungamisha mwenzako. Kumwambia mke ataje makosa yake mbele ya watoto wake ni kumwaibisha, hata ukifungua kwa wimbo na kufunga kwa sala. Na wewe mwenyewe je? Barua yako ndefu inataja kosa moja la wazi, umelipitia kwa sentensi moja: ulichukua pesa ya karo ukaitoa mchango wa safari, mke akabaki kuzungumza na bwana fedha wa shule. Hilo ndilo debe lako la mtama. Mwombe msamaha, nyinyi wawili tu, watoto wakiwa wamelala. Usiongeze "lakini ilikuwa kazi ya Mungu." Kisha lipa karo.

Na hiyo chama. Nenda kaulize wanafanya nini Jumamosi. Nazijua chama za akina mama wa ploti. Mtoto wa mmoja akilazwa, wenzake wanachanga kabla baba hajapata habari. Kukiwa na matanga, wao ndio wenye sufuria kubwa na wao ndio wanaolala jikoni. Pesa zinakaa pamoja, na zamu ya mtu ikifika anapewa zote. Wewe ulisafiri kilomita mamia kwenda kustaajabia kopo la maziwa ya unga, na mke wako ana kopo lake miaka yote, kwenye kabati. Hajaliita Matendo 2, ndiyo maana hukulitambua.

Basi ufanye nini? Paulo na Barnaba walipotoka safari yao ya kwanza, Matendo 14 inasema walilikusanya kanisa la Antiokia, wakaeleza yote Mungu aliyoyafanya pamoja nao, kisha "wakaketi huko wakati usiokuwa mchache, pamoja na wanafunzi." Waliketi. Hatusomi kwamba waliibandikia Antiokia ratiba. Nawe keti kwanza.

Ratiba iondoe ukutani leo. Kuamka saa kumi na moja endelea nako, maana ni kuzuri, lakini peke yako, jikoni, bila kayamba. Omba huku maji ya chai yakichemka. Watoto wakiamka wakute uji uko tayari na viatu vimepigwa rangi. Katika Yohana 21 Bwana aliyefufuka anawangoja wanafunzi ufuoni na moto wa makaa, samaki na mkate, anawaambia, "Njoni mfungue kinywa." Yeye ndiye aliyepika. Nimehubiri ufufuo mara nyingi nikaliruka hilo sufuria, wewe usiliruke.

Alhamisi usifute. Badala ya kuiita ushirika, iite chakula cha jioni. Nenda mwenyewe sokoni Wakulima, nunua sukuma na nyanya, songa ugali, osha vyombo. Mke wako akae. Akitaka kulala, alale. Mwalike yule jirani wa kayamba kabla ya mtu mwingine yeyote, na umwombe radhi mlangoni kwake mkono wako ukiwa hauna Biblia. Mkishakula, omba kwa ufupi. Hao watu wawili waliokuja wanatosha kuanza nao, hata Lokichar hamkuanza na kijiji kizima.

Safari ya Agosti: karo ya muhula wa tatu ikiwa imelipwa, muulize mama watoto, na akisema hapana usiniandikie tena kuniuliza. Akisema ndiyo, nenda, na ukifika mtafute yule mama wa jerikeni, uende naye mtoni saa tisa.