Nusu eka ya mchanga Kigamboni: mashine gani ya majani itadumu?

Mkuu, umeuliza mashine gani ya kukatia majani itadumu kwenye uwanja wa nusu eka Kigamboni, mchanga mtupu na ukoka juu yake, baada ya mashine mbili kukufia ndani ya miaka miwili. Kabla ya kutaja kampuni, tuangalie kinachoziua. Kwa mazingira hayo ni mambo matatu: krenki (mhimili wa injini unaozungusha kisu) kupinda, mchanga kuingia kwenye injini, na bodi (kava linalofunika kisu) kuoza. Nguvu za farasi zilizoandikwa kwenye stika hazizuii hata moja kati ya hayo, na ndizo watu wanazoziangalia kwanza dukani.

Anza na hesabu ya kazi yenyewe. Nusu eka ni kama mita za mraba 2,000. Toa nyumba, sehemu ya gari na bustani ya mboga, tuseme zinabaki 1,400 za majani. Mashine ya kisu cha sentimita 53, kila mstari ukipanda juu ya mwenzake kwa sentimita 8, inakata sentimita 45 kila ukipita. Hapo unatembea kilomita 3 na ushee, karibu saa nzima pamoja na kugeuza. Ile ndogo ya sentimita 40 itakutembeza zaidi ya kilomita 4, na injini yake ndogo inachemka muda wote huo. Ukikata kila wiki, unaongelea saa 50 za injini kwa mwaka. Kwa hiyo chukua ya 53 inayojivuta yenyewe, na inayovuta kwa magurudumu ya nyuma. Inayovuta kwa mbele, kila ukikandamiza mpini ili ugeuze, magurudumu yananyanyuka na kuzunguka bure kwenye mchanga, na meno yake ya plastiki yanasagika mapema. Magurudumu yawe ya beringi, si tundu la plastiki juu ya msumari wa chuma, maana mchanga ukiingia humo gurudumu linaanza kuyumba ndani ya miezi. Mashine ya kukalia na kuendesha iache. Kwenye nusu eka yenye minazi na miembe, muda mwingi utakuwa unageuza tu.

Za umeme wa waya sizishauri kwa ukubwa huo. Waya mrefu mwembamba unapunguza umeme unaofika, mota inachemka, na kisu kinaweza kuupitia waya wenyewe. Za betri zipo nzuri, lakini uliza kwanza bei ya betri ya pili na kama inapatikana hapahapa nchini.

Tuje kwenye injini. Honda peke yake ina familia mbili ambazo wauzaji wanazichanganya. GCV160 ni ya nyumbani, ina mkanda wa taiming (unaopanga mwendo wa valvu na pistoni) ndani, na ikitunzwa inafanya kazi vizuri. GXV160, cc 163, ni ya kazi nzito: silinda yake ina silivu, yaani bomba la ndani ambamo pistoni inapita, ya chuma cha kalibu, kwa hiyo inavumilia vumbi na saa nyingi zaidi. Kwa mchanga wako na saa 50 kwa mwaka, nenda na GXV kama mfuko unaruhusu. Briggs & Stratton nazo ni injini za kuaminika, mradi uwe umeona spea zake kwa macho yako dukani. Na jihadhari na injini za kuiga: umbo na rangi ni vilevile, lakini herufi na namba za modeli zilizogongwa kwenye chuma ama hazipo ama hazilingani na stika.

Sasa kisu, na hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu mchanga wa pwani unakula visu kwa namna ambayo watu wa Arusha hawaijui. Kisu kina makali mbele, na nyuma ya makali kuna bawa lililokunjwa kwenda juu. Bawa hilo linavuta hewa kama feni ili majani yasimame kabla ya kukatwa. Juu ya mchanga linavuta na mchanga pia, na mchanga unasugua chuma kama msasa. Fungua kisu ukiangalie pale bawa linapokutana na sehemu bapa: utaona mfereji. Pitisha ukucha, ukinasa, nunua kisu kingine. Mfereji ukikaribia kutoboka, usikate tena hata mstari mmoja. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha ya kisu cha sentimita 53 inakwenda zaidi ya mita 80 kwa sekunde, na bawa likikatika linatoka kwa kasi hiyo kuelekea kwenye miguu ya anayesukuma au kwa mtoto aliyesimama kibarazani.

Dawa yake ni kisu chenye bawa fupi, na kukata juu zaidi: sentimita 4 hadi 5 kwa ukoka, na kila mara usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu wa jani. Kata wakati mchanga umeshika unyevu kidogo lakini majani yamekauka. Noa kila baada ya saa 8 hadi 10, pembe ya kama digrii 30, pande zote mbili sawa, kisha ning'iniza kisu kwenye msumari kwa tundu la katikati. Upande unaoshuka ndio unaosagwa tena. Kisu kisicho na mizani kinatikisa injini mpaka beringi na bolti zinalegea.

Krenki inapinda kwa kugonga: visiki, mizizi ya miembe, vipande vya nondo na tofali vilivyoachwa na mafundi wa ujenzi. Pita uwanja mzima na reki kabla ya kukata mara ya kwanza. Chini ya flaiwili (gurudumu zito lililofungwa kwenye krenki) kuna kipande kidogo, mafundi wanakiita kii, na kwenye injini nyingi kimetengenezwa kwa madini laini makusudi. Kisu kikigonga, kii inakatika au inasogea, taiming ya cheche inapotea: mashine inakunyang'anya kamba, inapiga mlio kwenye eksozi, au haiwaki kabisa. Kii ni ya bei ndogo na fundi mzoefu anaibadilisha bila shida. Usikubali achonge kipande cha msumari badala yake. Pigo linalofuata halitakuwa na kitu cha kuvunja isipokuwa krenki.

Oili: badilisha baada ya saa 5 za kwanza, kisha kila saa 25 kwa mchanga wako ingawa vitabu vingi vinasema 50. Kwa joto la Dar SAE 30 inafaa, na injini za saizi hii zinabeba kati ya nusu lita na 0.65. Pima oili kila mara kabla ya kuwasha, mashine ikiwa imesimama pa tambarare. Filta ya hewa chagua ya tabaka mbili, sponji nje na karatasi ndani. Sponji osha kwa sabuni, kausha, tia matone ya oili safi, kamua. Ya karatasi gongagonga tu, usioshe, na usipulize kwa kompresa karibu.

Ukitaka kusafisha chini, chomoa kwanza kofia ya plagi, halafu inua mashine upande wa kabureta ukiwa juu. Ukiilaza upande mwingine, oili inaingia kwenye filta na silinda, na utaletewa maneno ya ringi za pistoni zimekufa kumbe ni moshi wa oili iliyomwagika.

Bodi: nenda dukani na sumaku. Isiposhika, ni aluminiamu au plastiki, na kwa upepo wa chumvi hizo ndizo za kuchukua. Ya bati la chuma kwangua majani yaliyoganda kila ukimaliza, maana hukaa na maji na kuoza kuanzia kwenye mashimo ya bolti. Na mashine ikikaa zaidi ya mwezi, maliza petroli yote, halafu legeza bolti iliyo chini ya bakuli la kabureta (mara nyingi spana namba 10) itoke iliyobaki.

Ukiangukia ya mtumba, chomoa kofia ya plagi, pima kutoka ukingo wa bodi hadi ncha ya kisu, kisha zungusha kisu nusu duara upime ncha ya pili palepale. Tofauti ikizidi milimita 3, kisu au krenki imepinda. Funga kisu kipya upime tena, na kama tofauti imebaki, hiyo mashine mwachie mwenyewe.