Bwawa la fremu uani: sawazisha ardhi kabla ya kununua maji

Bwawa la kwanza la kuogelea nililosimamisha uani kwetu Kiembeni, Mombasa, la plastiki lenye fremu ya chuma, lilidumu siku mbili. Usiku wa pili miguu ya upande mmoja ilianza kulala nje, na asubuhi ikabidi niyaachie maji yote. Lita 6,300 zikakimbilia kwenye migomba ya jirani. Mtaa wetu mfereji hukauka wiki nzima na watu hununua maji ya mkokoteni, kwa hiyo kuyaona yakipotea vile kuliniuma kuliko pesa nilizotoa.

Kuunganisha fremu ni kazi ya watu wawili na saa mbili, mkifuata mchoro uliomo ndani ya boksi. Ardhi, mara ya pili, ilinichukua siku tatu.

Bwawa langu ni la duara, kipenyo mita 3.66, na maji hufika kimo cha sentimita 60. Hiyo ni mitungi 315 ya lita 20, zaidi ya tani sita. Pakiwa na mteremko, maji huwa na kina zaidi upande wa chini na kuusukuma nje. Uani mwangu tofauti ilikuwa sentimita nane, nami kwa jicho niliapa ni sawa kabisa.

Aliyenitoa gizani ni mzee jirani, mwashi wa miaka mingi. Alinikuta na pimamaji mkononi. "Mwanangu, hiyo ni fupi kwa uwanja huu," akaniambia, akaenda kuleta mpira mwangavu wa plastiki, tukaujaza maji mpaka mapovu yakaisha. Tukapigilia kigingi katikati na vingine pembeni, tukatia alama pale maji ya ncha zote mbili yalipotulia. Ukipima kutoka alama hadi chini, ardhi inajieleza yenyewe. Palipoinuka pachimbwe. Usijaze udongo palipo chini, maana ukilemewa hudidimia; mimi nilijaza, na ni hapo hapo miguu iliposhindwa.

Huku kwetu ukichimba kidogo tu unagonga matumbawe, na ncha zake hukata plastiki. Yavunje, uyaondoe, kisha tandaza mchanga uliochekechwa, uumwagie maji na kuushindilia. Kila mguu ukae juu ya kipande cha zege kilichozamishwa usawa wa ardhi. Na tafadhali, ndago ing'oe pamoja na viazi vyake vyote. Chipukizi lake hutoboa turubai la kutandika chini na bwawa lenyewe kama sindano.

Chini ya mnazi usiweke, hata kama kivuli kinavutia. Wakati mzuri ni kaskazi, Januari au Februari, kabla masika hayajailainisha ardhi.

Maji ya visima vingi vya hapa yana chumvi na fremu itashika kutu upesi, ndiyo maana niliagiza lori la maji baridi. Lakini usiliite kwanza! Mimina mitungi michache, ingia miguu mitupu, nyoosha mikunjo ya plastiki kutoka katikati kwenda nje. Endelea hadi sentimita tano, kama mitungi 26, halafu pima kina kwa rula pande zote. Upande mmoja ukizidi mwingine kwa sentimita mbili, yachote uyarudishe kwenye mapipa na usawazishe upya. Maji hayo bado ni yako.

Klorini iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi ya maji, kati ya 7.2 na 7.8; vipimo vya karatasi vinatosha. Itie jioni, kwa sababu jua la mchana huila haraka. Unapoichanganya, tia klorini ndani ya maji, kamwe usimwage maji juu ya klorini. Bwawa lililoachwa bila dawa huzaa mbu, na Mombasa dengue na chikungunya tunazijua vizuri.

Pampu nimeiunganisha kwenye swichi inayokata umeme yenyewe ukivuja, na kazi hiyo nilimwachia fundi wa umeme.

Ngazi hailali bwawani. Kila jioni naitoa na kuifungia stoo, na watoto wakiwa majini mtu mzima mmoja huketi pale pale, simu ikiwa ndani ya nyumba.