Saa Tisa Alasiri, Jiko Limefungwa

Wiki jana msomaji mmoja aliyehamia Uholanzi aliniandikia: "Dada, tunataka kuwapeleka watoto Italia wale na waone mashamba. Tuanzie wapi?" Nilimjibu kwa mistari miwili, kisha nikaona nimemnyima. Acha niseme yote, hata ya aibu.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi, mji wa pwani ya Kenya wenye Waitaliano wengi. Tumekua tukisalimiwa "ciao" na watu tusiowajua, na Kiitaliano nilikiokota hotelini nilikokuwa nikifanya kazi kabla ya kuolewa huku Ujerumani. Basi safari ya kwanza nilijitia mjuaji. Nikapanga siku 7, miji 9. Shemeji yangu akaandika kwenye kundi la familia: "Watu wanavuka milima kwenda kula mkate." Sijamsahau.

Siku ya tatu tuliingia kijiji kimoja cha Toscana, mkoa wa katikati ya Italia, saa tisa alasiri, watoto hawajala tangu asubuhi. Mlango wa mkahawa uko wazi, mwanamke anadeki, viti vimepinduliwa juu ya meza. "Cucina chiusa." Huko mashambani jiko la mchana hufungwa mnamo saa nane na nusu, na kabla ya saa moja na nusu jioni usitarajie sahani. Nilimwaga Kiitaliano changu chote cha Malindi. Akatikisa kichwa, akaendelea kudeki. Tulikula biskuti za kituo cha mafuta, na kifungua mimba wetu, miaka 14, akasema bila hata kuniangalia, "Si bora tungeenda kwa bibi." Baada ya miezi kadhaa ikaja barua: niliingiza gari ndani ya ZTL, yaani eneo la katikati ya mji ambalo magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi, na kamera ikaninasa. Pesa ya faini ingetulisha wanne, na mvinyo juu.

Mwaka uliofuata nilichana ratiba. Shamba moja, siku 6, kwenye vilima vya Chianti, hukohuko Toscana, kati ya Greve na Radda. Tulilala kwenye agriturismo, shamba linalopokea wageni. Tangu mwaka 1985 kuna sheria inayotaka kilimo kibaki ndiyo kazi yake kuu, kwa hiyo mwenyeji wako kweli ana matope kwenye viatu. Baada ya siku mbili watoto walijua kuku wanataga wapi. Ndiyo maana nasema, kaeni shamba moja.

Mkate wa Toscana hautiwi chumvi. Kitinda mimba aliutema kiganjani mbele ya mama mwenye nyumba, nami nikatamani ardhi inimeze. Yule mama alicheka, akaumwagia mafuta ya zeituni mabichi, akaweka juu yake kipande cha pecorino, jibini la kondoo lenye chumvi kali. Hapo nikaelewa: ni ugali. Nani hutia ugali chumvi? Chumvi iko kwenye mboga. Nilipowaeleza hivyo watoto waliumaliza mkate wote, na ule wa jirani.

Mvinyo sasa. Babu yangu alikuwa mgema. Mnazi wake ulishuka asubuhi, ukanywewa siku hiyohiyo, kesho ni siki. Kwenye pishi la Chianti mwenyeji alinionyesha mapipa akasema Chianti Classico, ile yenye jogoo mweusi shingoni mwa chupa, lazima angalau asilimia 80 yake iwe zabibu za Sangiovese, na ikiitwa Riserva iwe imekaa miezi 24. Miezi 24! Babu angedhani amesahauliwa. Nilimsifu yule bwana sana, halafu nikakumbuka mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nikanyamaza. Hata hivyo tulinunua chupa 6. Ushauri: onjeni kwa zamu, na anayeendesha ateme kwenye ndoo. Si aibu, wenyewe hutema. Kikomo cha pombe kwa dereva huko ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na kwa dereva mwenye leseni mpya ni sifuri.

Sisi wa ughaibuni tuna ugonjwa wa kuhesabu miji. Tunataka picha za kuwarushia wale waliotucheka. Nimeuugua ugonjwa huo, nauongelea kwa ushahidi. Mtoto hakumbuki mnara, anakumbuka aliposhiba. Kwa hiyo narudia, shamba moja, na mle saa wanazokula wenyeji.

Kituo kimoja tu nawaruhusu njiani: kiwanda cha jibini karibu na mji wa Modena, kaskazini mwa Italia. Mfike mapema, kazi yao ni ya asubuhi. Tuliwakuta wanaume wawili wameinamia sufuria ya shaba yenye umbo la kengele iliyogeuzwa. Wakapitisha kitambaa chini, wakainua donge zito linalochuruzika, wakalikata kati: pacha. Gurudumu moja la jibini hula takriban lita 550 za maziwa, huwa na kilo kama 40, na haliitwi Parmigiano Reggiano kabla ya kutimiza miezi 12. Mkaguzi hulipiga kwa kinyundo na kutega sikio, kama mama sokoni anavyogonga tikiti maji. Kijana wangu, yule wa "kwa bibi", aliuliza maswali hadi baba yake akamvuta mkono.

Ganda la jibini hilo msilitupe. Waitaliano hulichemsha kwenye supu. Mimi nalitumbukiza kwenye maharagwe ya nazi, nusu saa kabla ya kuepua. Desemba shemeji alikuja kututembelea. Nilimpakulia bila kumwambia kitu. Alifuta sahani kwa chapati, akaomba tena, akauliza nimetia nini.

"Mkate," nikamwambia.